Spika za Mke Mwenzangu

Siku ile tuliyowasha spika kubwa chumbani kwangu walikuwapo hawa. Nilikuwapo mimi, mwenye chumba. Alikuwapo mke mwenzangu, yaani mke mdogo wa marehemu mume wetu, ambaye mlango wake unatazamana na wangu, ua uko katikati. Alikuwapo wifi yetu, dada wa marehemu, tumbo moja baba mmoja. Alikuwapo jirani yetu muuza maandazi, ambaye alinyonya ziwa moja na marehemu wakati mama yake alipougua, kwa hiyo kwetu ni wifi pia, ingawa damu si moja. Alikuwapo mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu wa pili, aliyekuja kuniunganishia nyaya. Na alikuwapo mtani wangu, Mzaramo, fundi seremala, aliyezitengeneza. Jumla watu sita. Majina yao yote ninayo, na majina ya baba zao, na ya babu zao kwa wale niliowahi kuwazika babu zao. Kichwa changu hakijapata kutupa jina la mtu. Lakini mjukuu amenionya, bibi, watu wakijisoma watanuna. Basi nawataja kwa walivyo kwangu, na wao watajijua.

Nianze na zile spika ndogo, maana bila hizo huwezi kunielewa.

Marehemu alizipata kwa mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao, akatoa vitu vyake vyote barazani auze. Wanaume wa mtaa huu waligombania vitanda na sufuria. Mume wangu akarudi nyumbani na spika mbili, moja kila kwapa, kama mtu aliyetoka mnadani na majogoo, na amplifaya kichwani. Nilimkasirikia siku mbili, kwa sababu kitanda ndicho nilichomtuma. Nyumba yetu hapa Tabora mjini ni ya zamani, kuta nene za udongo, na chumbani kwangu mna mashubaka mawili ukutani ambamo bibi zake waliweka taa na Kurani. Alipozitia spika mle zikaenea, utadhani aliyechimba ukuta miaka hiyo alipewa kipimo chake. Akawasha. Hasira zangu zikaisha nikiwa bado nimeshika ufagio.

Siwezi kuieleza sauti ile kwa maneno ya mafundi. Haikuwa kubwa. Ilikuwa ya karibu. Mwimbaji alikuwa kama amekaa mkekani nawe, mnachambua mchele pamoja, unamsikia hata anavyovuta pumzi kabla ya ubeti. Redio nyingine za mtaani zilikuwa zinapiga kelele kama watu wanaoitana ng'ambo ya reli. Za kwangu zilikuwa zinazungumza.

Mwenzangu alikuwa ameshaolewa wakati huo, ana mtoto wa kwanza mgongoni. Marehemu alikuwa mtu wa kugawa sawa. Mimi nikapewa spika, yeye akapewa cherehani. Hakulalamika. Alasiri alikuwa anakuja chumbani kwangu na kitambaa chake, anapinda mishono kwa mkono huku anasikiliza, na yule mtoto wake anatambaa mpaka chini ya shubaka, analala hapo hapo kwenye saruji baridi, sikio juu. Nilikuwa namfunika kwa kanga yangu. Nasema hili kwa sababu litanirudia.

Basi ikawa desturi. Baada ya sala ya alasiri wanawake wanakuja. Natandika mkeka, nachemsha tangawizi. Tunaanza na matangazo ya vifo redioni, ili tujue tumlilie nani, halafu mawaidha kidogo, halafu nazima redio naweka kanda za taarabu za zamani. Siku hizi kanda zimekufa, mjukuu ameniwekea nyimbo zilezile kwenye flashi. Wifi alikuwa na pahala pake, kwenye nguzo ya mlango, kwa ajili ya mgongo. Muuza maandazi alileta yaliyobaki. Mtaani waliniita mama wa spika. Mtu akiuliza njia, anaambiwa, ukifika kwa mama wa spika kata kushoto.

Mume wetu alipokufa, hicho ndicho nilichobaki nacho. Watoto wana miji yao. Mashamba yako Ntalikwa na magoti yangu hayafiki tena. Mjane hajui kuwa ni mjane asubuhi, asubuhi ina kazi. Anajua alasiri. Na alasiri zangu zilikuwa zimejaa watu. Nikikosa watu wale, sina kitu. Nilijua hivyo kabla hawajaondoka, si baada.

Yule mtoto aliyekuwa analala chini ya shubaka sasa ni mtu mzima, ana duka la vipuri Kahama na kitambi cha heshima. Mwaka juzi, mwezi wa mavuno ya karanga, alikuja na pikapu ina maboksi mawili marefu.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Umemletea mama friji?"

"Friji ya nini, mama mkubwa! Spika." Akayapiga maboksi makofi kama anavyopigwa ng'ombe aliyenunuliwa vizuri. "Nimezitafuta miaka. Nimesikiliza madukani mpaka wauzaji wakanijua kwa sura. Nyingi za siku hizi ni mdundo tu, zinakugonga kifua, mwimbaji humsikii kabisa. Hizi ni ukoo mmoja na zako. Sauti ileile ya chumbani kwako, ila imekua."

Alisema kwa furaha. Alidhani ananisifu, na kweli alikuwa ananisifu. Nikampa hongera. Hongera ile ilikuwa ya mdomo tu.

Walipozifungua zilimfika mama yake kiunoni. Zikasimama chini zenyewe, hazihitaji shubaka. Mimi nilikuwa jikoni, jiko letu ni moja, liko pembeni mwa ua. Nimeshika mwiko. Ikatoka sauti. Wallahi nilidhani mtu ameingia chumbani kwangu akawasha za kwangu. Ilikuwa ileile, pumzi ileile kabla ya ubeti, lakini imepanuka, imejaa ua mzima bila kupiga kelele, na chini yake kuna besi inatembea polepole ambayo zangu sikuwahi kujua wimbo ule unayo. Miaka yote ile nilikuwa nasikia wimbo nusu na sikujua. Ilikuwa kama kumsikia mwanao uliyemzaa mwenyewe anamwita mwanamke mwingine mama. Ugali ukaungua. Mwenzangu akasikia harufu kutoka chumbani kwake, akaja mbio, akaugeuza yeye. Hata hilo lilinichoma.

Wifi alikuwa wa kwanza.

"Nakwenda kumpa hongera tu, wifi. Nakunywa kikombe kimoja narudi."

Akarudi kesho yake. Akasimama mlangoni kwangu, hakukaa kwenye nguzo yake.

"Zikoje?" nikamuuliza.

"Kawaida tu."

"Wifi."

"Basi nzuri! Nisemeje? Ngoma unaisikia kwenye mkeka, kwenye makalio, unatetemeka utamu. Sasa mimi na huu mgongo wangu, ile ni dawa."

"Nenda ukatibiwe basi."

Akaenda. Muuza maandazi alikuwa na haya zaidi, alianza kupita kwangu kwanza, ananiachia mawili chini ya kawa, halafu anavuka ua. Baadaye akawa anapita kwake kwanza. Siku nyingine mawili yangu yalikuwa yameshaliwa. Nikatandika mkeka wangu kama kawaida, nikachemsha tangawizi ya watu watano, nikainywa mwenyewe mpaka koo likawaka. Nikaongeza sauti ya spika zangu ili zivuke ua. Zikakoroma. Vitoto vile havikuzoea kupiga kelele, vilikuwa kama mzee anayelazimishwa kukimbia. Kule ng'ambo nikasikia wanacheka. Huenda walicheka jambo lao. Mimi nilijua wananicheka.

Mwenzangu mwenyewe aliniita. Siwezi kumsingizia. Alitoa kichwa dirishani, "Dada! Njoo tusikilize pamoja, nimekuwekea mto!" Nikamjibu kichwa kinaniuma. Kichwa hicho kiliniuma miezi miwili.

Katika miezi hiyo miwili nilikuwa naziota spika kubwa. Sikutaka sabufa zile za vijana, mjukuu aliniletea moja nijaribu, ikatikisa vikombe kabatini na mwimbaji akawa kama yuko ndani ya pipa. Nikamwambia airudishe. Nilitaka zangu. Zangu zilezile, sauti ileile, ila kubwa. Zizidi za mwenzangu kimo. Ndipo nikamkumbuka mtani.

Kwa wasiojua, sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani, na mwisho wa safari wakawakuta babu zao. Wakagombana, wakauguzana, wakazikana, na kilichobaki ni matusi yasiyo na kesi. Mzaramo huyu babu yake alikuja huku na reli akaoa huku, na yeye amezaliwa hapa hapa Tabora, lakini utani hauozi. Siku ya harusi yangu baba yake alitangaza mbele ya watu kwamba bwana harusi ametoroka ameonekana Sikonge anarina asali, mama yangu akaanza kulia. Siku ya msiba wa mama huyohuyo, huyu fundi mwenyewe alishuka kaburini akalala chali, akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Mara mbili amenikimbiza sokoni ati paa langu linawaka moto. Mimi tangu utoto nimejifunza jambo moja: kitu kikitoka kinywani mwa ukoo ule, cheka kwanza.

Nikamwendea karakanani kwake na spika zangu nimezifunga kwenye kanga.

"Mwangaluka, mtani," akanisalimu kwa Kinyamwezi, randa mkononi. "Leo mpagazi wa babu yangu kaja na mzigo mdogo. Uzee?"

"Mzigo nimekuletea wewe ubebe, Mzaramo, kama leo hakuna ngoma ya kwenda kucheza."

Akazifungua. Akaziangalia mbele na nyuma, akagonga kwa kidole, akatikisa kichwa kwa heshima. Akaniuliza nataka nini.

"Nataka ziwe kubwa. Zifike hapa," nikaonyesha kifuani. "Lakini sauti isibadilike. Hata kidogo."

"Isibadilike?"

"Iwe hiihii. Ila kubwa."

Akaweka randa chini. "Mtani, nisikilize. Sauti haitoki kwenye sanduku. Inatoka kwa huyu hapa, huyu wa karatasi, anayetetemeka. Nikikujengea sanduku kubwa kama hii karakana, aliye ndani ni huyuhuyu. Labda besi itashuka kidogo. Mtoto hata umvishe kanzu ya baba yake, anaendelea kuwa mtoto."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. "Hutaki kazi wewe! Sema umechoka."

"Nasema kweli."

"Kweli ya lini? Ya paa langu linaungua?"

"Wallahi mtani."

"Babu yako naye aliapa hivyohivyo pwani, watu wakaachwa na mizigo yao."

Akaokota randa yake. Mimi nilikuwa bado nafuta machozi ya kicheko. Mwishowe akasema, "Haya. Mnyamwezi akishajitwika hatui njiani. Mbao?"

"Zipo."

Zilikuwapo, na hapa ndipo pana aibu yangu. Marehemu aliacha mbao sita za mninga, nzuri, nyekundu, kavu kabisa, juu ya dari ya stoo. Alizinunua kwa ajili ya mlango wa jiko letu. Mlango wa jiko ulikuwa bati, umekatika chini, kuku wanaingia wapendavyo. "Mlango huu utakuwa wenu wawili," alituambia sote, tumekaa, na akaanza kuzipima. Akaugua kabla hajakata hata moja. Tukaziacha pale. Kila mvua zikija tunasema mwaka huu tuite fundi, na hatuiti. Nadhani hakuna kati yetu aliyetaka kuzishusha.

Mwenzangu akapata msiba wa kaka yake Bukene, akaenda matanga siku tatu. Siku ya pili nikazishusha. Nilijiambia mke mkubwa ana haki ya kwanza. Nilijiambia bati bado linasukumika. Wivu ni wakili mzuri sana, hakosi neno.

Mtani alizifanyia kazi vizuri, sitamnyima. Masanduku mawili yalinifika kifuani, kona zimefungana bila msumari hata mmoja unaoonekana, mbele amepaka vanishi mpaka unajiona meno. Nyuma hakupaka, nyuma inaegemea ukuta. Katikati juu, zile spika zangu ndogo zimetiwa, zinachungulia kama watu wawili wafupi dirishani. Na vile visanduku vya zamani, vitupu sasa, nilivivunja kwa mchi. Sikutaka mtu aje kuviona aseme, kumbe ni zilezile. Vilikuwa vya mbao za unga zilizogandishwa kwa gundi. Nikavitia jikoni vichemshe chai ya wageni.

Maana niliwaalika wote. Wifi, muuza maandazi, na mwenzangu kwanza kabisa. Nilivuka ua mwenyewe kumwita, mara ya kwanza baada ya miezi miwili.

"Kichwa kimepoa, dada?" akaniuliza.

"Kimepoa. Njoo uone."

Wakaja. Wakaona. Wifi akaweka mkono mdomoni. "Haya makabati au spika?" Muuza maandazi akayapapasa, akasema laini kama sahani ya Manga. Nikamtazama mwenzangu usoni. Nilikuwa nimengojea uso huo siku nyingi, nikauona. Ukashuka kidogo, hapa pembeni mwa mdomo, halafu akaurudisha. Kwa muda ule mfupi nilikuwa mtu mwenye raha kuliko wote Tabora. Nikawagawia chai. Wakanywa, wakatazamana.

"Hii chai ina nini?" wifi akauliza.

"Tangawizi."

"Inanuka gundi."

"Kunywa, wifi."

Mjukuu akamaliza nyaya. Mtani alikuwa amesimama mlangoni, hakutaka kukaa, kofia yake anaizungusha mikononi. Nikamwambia mjukuu, weka ule wa kwanza, ule wa mume aliyesafiri. Akabonyeza.

Sauti ikatoka. Sauti yangu, ileile, ndogo, ya karibu, ndani ya makabati mawili yanayofika kifuani. Labda besi ilishuka kidogo.

Watu wakangoja.

"Washa basi," wifi akasema.

"Imeshawaka, bibi," mjukuu akamjibu.

"Imeshawaka wapi?"

"Sikiliza."

Wakasikiliza. Muuza maandazi ndiye aliyeanza, alijizuia mpaka mabega yakatikisika, chai ikamtoka puani, na baada ya hapo hapakuwa na wa kumzuia mwenzake. Wifi alicheka akilia mgongo wake. Mjukuu akageukia ukuta. Nikamgeukia mtani.

"Umenifanya nini, Mzaramo?"

"Nilikuambia."

"Nilijua ni utani!"

"Nikaapa, mtani. Nikaapa! Ulitaka nilale kaburini ndiyo uamini?"

Sasa, mwenzangu hakucheka. Katika wote, yeye peke yake. Alikuwa amekwenda nyuma ya sanduku moja, ameinama, anatazama pale pasipopakwa vanishi. Akakaa pale muda mrefu hata kicheko kikaanza kuisha kwa ajili yake. Akaniita bila kugeuka.

"Dada. Hili neno nani ameliandika?"

Sikuhitaji kwenda kuona. Marehemu aliandika kwa penseli, herufi kubwakubwa kama za mtoto, JIKONI, ili fundi asichanganye mbao. Mtani aliranda mbele, nyuma akaacha. Yeye alidhani ni neno langu.

"Huu si mlango wetu?" mwenzangu akasema.

Wimbo ulikuwa unaendelea peke yake, mume bado hajarudi safari.

"Nilikuwa Bukene," akasema. "Nimefukia kaka yangu. Wewe ukapanda darini."

Nilitaka kusema ni wewe uliyeanza. Nilitaka kusema mwanao alijifunza sauti hiyo chini ya shubaka langu, kwa kanga yangu, akaichukua akakuletea wewe, na wewe ukawachukua na watu. Nilichosema ni, "Bati lilikuwa linasukumika." Maneno mengine mtu anaomba ardhi ipasuke immeze yeye na maneno yake.

Mtani akaona hali imeharibika. Kazi ya mtani siku zote ni hiyo, watu wakishikana koo yeye aingize kicheko. Akapiga makofi, akasema kwa sauti ya kadhi, "Nimesikia kesi! Mlango ni wa wake wawili, mlango umekuwa masanduku mawili. Wake wenza hugawana sawa. Kila mmoja na lake! Mahakama imefungwa, nipeni kuku wangu!"

Akacheka. Wifi akacheka. Mimi pia nilianza kucheka.

"Sawa," mwenzangu akasema.

"Sawa nini?" mtani akamuuliza.

"Nachukua langu." Akamgeukia mjukuu wangu. "Mwanangu, chomoa huo waya."

"Mama, nilikuwa natania," mtani akasema. "Natania mimi! Ndani mna spika, ile ni jozi, ukitoa moja..."

"Hukumu yako nimeipenda."

Mjukuu akanitazama mimi. Na mimi, hapo ndipo ningeweza kusema neno moja tu, mwenzangu nisamehe, na najua angekaa. Namjua, tumezaa naye nyumba moja. Lakini nilikuwa nauona ule uso wake, umetulia, una haki kila upande, na kuona mtu ana haki kunauma kuliko kuona ana mali. Nikamwambia mjukuu, "Chomoa."

Wakalibeba mwenzangu na muuza maandazi. Mlango wangu ni mwembamba, walilipitisha kwa ubavu. Mtani alibaki amesimama na kofia yake, hata yule kuku hakumdai tena.

Nikabaki na sanduku moja. Mtani alikuja siku ya pili yake, akasema atamwomba mwenzangu atoe ile spika ya ndani tu, sanduku abaki nalo. Nikamkataza. Akasema basi anitengenezee visanduku vidogo upya. Nikamkataza pia. Nilimwambia nimeridhika. Akaniambia, "Na mimi sasa nicheke kwanza?"

Msikilizeni mtu aliyeridhika. Nyimbo zile za zamani, mjukuu alinieleza, waliziandika upande mmoja mwimbaji, upande wa pili fidla na waitikiaji. Sanduku lililokwenda lilikuwa la mwimbaji. Kwa hiyo kila alasiri nilikaa kwenye mkeka wangu nikisikiliza watu wanaitikia. Mtu haulizi, wao wanajibu. Kimya, halafu "ndiyo, bibie", kimya, halafu "hatujui, bibie". Mjukuu alisema kuna namna ya kuunganisha pande zote zitoke kwenye moja, dakika mbili tu. Nikasema asiguse. Nilitaka mwenzangu asikie kutoka ng'ambo alichonifanyia. Sidhani alisikia. Zake zilikuwa zinajaza ua.

Wifi alirudi kukaa kwangu siku mbili tatu, kwenye nguzo yake, anapeleka macho dirishani. Ilikuwa huruma. Nilimfukuza.

Nilivumilia mpaka mvua za kwanza. Alasiri moja waitikiaji wangu walijibu "amerudi, bibie", na nikatambua kwamba sikumbuki tena yule mwimbaji aliuliza nini. Mimi, ambaye sijapata kusahau jina la mtu. Nilikaa nalitafuta swali lile kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Halikuja. Nikavaa kanga yangu ya pili, nikavuka ua, tope hadi vifundoni.

Walikuwa wamejaa. Wifi, muuza maandazi, na wengine watatu ambao kwangu hawakuwahi kufika. Sanduku langu, yaani lake, liko pembeni, amelifunika kitambaa cha kufuma, juu ameweka sinia la vikombe. Nilisimama mlangoni nikingoja aseme kitu. Alikuwa na mengi ya kusema na yote yangekuwa kweli. Alisogea mkekani, akapapasa pale alipotoka, pa moto bado, akasema, "Kaa, dada, wimbo wako unakuja."

Nikakaa. Akauliza yule mwimbaji, kwa sauti yake kamili, pumzi kwanza halafu swali, na besi ikawa inatembea chini yetu sote. Ilikuwa nzuri. Mungu anajua ilikuwa nzuri kuliko nilivyowahi kuipata mimi katika mashubaka yangu. Wote walikuwa wameinamisha vichwa kama walivyokuwa wakifanya kwangu. Na mwenzangu akaniongezea chai bila kuulizwa, sukari vijiko viwili, anavyojua. Hata uungwana wake niliuonea wivu. Nimekwenda kila alasiri tangu siku ile, na kila alasiri nauonea.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka mimi. Wifi anasema siku ile mimi ndiye niliyeanza kusema "chukua lako", kabla mtani hajafungua mdomo, na kwamba mwenzangu alilia wakati wanapitisha sanduku mlangoni. Mimi sikuona machozi, lakini nilikuwa natazama vanishi isikwaruzike. Mliokuwapo, kama nimeweka neno kinywani mwa mtu asiyelisema, au nimemnyima machozi aliyelia, njooni mniambie. Alasiri mnanijua niliko.